Nahamia jiji kubwa: je, uvuvi wangu wa mshipi ndio basi tena?

Swali: Nimevua kwa mshipi tangu utotoni. Nyumbani kwetu ni karibu na mto, na kila Jumamosi nashinda huko kuanzia alfajiri hadi jua linapozama. Sasa nimepata kazi kwenye jiji la watu mamilioni, na nitaishi ghorofani. Jamaa zangu wanasema niuze fimbo zangu na kimashua changu kabla sijaondoka, maana maji ya jijini ni machafu na samaki walishakwisha. Nitafute nyumba ya namna gani? Nibebe vifaa gani? Na nikipata samaki, analika?

Jibu: Usiuze fimbo kwanza. Hao jamaa zako wanasimulia habari za zamani. Mto Thames, unaolikata jiji la London, ulitangazwa na wanasayansi mwaka 1957 kuwa umekufa. Majitaka yalikuwa yamemaliza oksijeni, na kwa masafa marefu mtoni hapakuwa na samaki wa kuishi. Leo mto huohuo una zaidi ya aina 100 za samaki. Paris kuna kambale wa Ulaya wanaozidi urefu wa mita 2, nao huvuliwa kwenye mto Seine, chini ya kuta zilezile ambazo watalii hukaa juu yake wakipiga picha. New York, samaki waitwao striped bass hupita East River katika safari zao za kila mwaka, maghorofa yakiwa kulia na kushoto. Chicago watu huvua samoni kwenye kingo za zege za Ziwa Michigan, ilhali samaki hao si wa pale kwa asili. Walipandikizwa ziwani kuanzia miaka ya 1966 na 1967 ili wapunguze visamaki vamizi vilivyokuwa vimefurika. Na mtu asiyeamini mpaka aone, asimame kwenye daraja la Galata, Istanbul, atazame fimbo zilivyopangana kwenye vyuma vya daraja.

Wala samaki hawako mjini kwa bahati nasibu. Nguzo za madaraja, kuta za bandari, minyororo ya mashua na njia zilizochimbwa ili meli zipite hufanya kazi ileile inayofanywa na magogo na miamba kwenye mto wako. Hukata mkondo, hutoa kivuli, huota mwani na kome, visamaki wakaja kula, na wakubwa wakawafuata. Pale maji yanapoporomoka kwenye kizuizi, hewa huchanganyika na maji, na siku za joto kali samaki hujazana hapohapo, kwa kuwa maji ya moto hayabebi oksijeni nyingi. Majira ya baridi mambo hugeuka, nao hukimbilia kwenye mabwawa ya kuegeshea mashua ambako maji yametulia, au karibu na bomba linalotoa maji ya uvuguvugu.

Utakachokosa si samaki. Utakosa ile Jumamosi nzima. Jijini muda huliwa na foleni, usafiri na shughuli za watu. Nimeona wavuvi hodari wakihamia mjini na kuacha, na karibu wote huacha kwa njia moja. Mtu husikia kuna ziwa zuri saa mbili nje ya jiji, anajiapiza kwenda kila wiki, anakwenda wiki za mwanzo, kisha mvua, kisha kazi ya ziada, kisha mgonjwa, na akija kushtuka mwaka umekatika na uzi umemkaukia kwenye rili, kile kigurudumu cha kukunjia uzi. Wanaoendelea ni wale waliokubali maji ya karibu, hata kama hayana sifa, wakayavua saa moja kabla ya kazi au saa moja baada yake. Huyo wa saa moja, akienda mara kadhaa kwa wiki, huwajua samaki wake kuliko anayeshinda ziwani mara moja kwa mwezi. Karibu yote nitakayokuambia chini yanatokana na hilo: jijini utakuwa mvuvi wa saa, si mvuvi wa siku.

Kwa hiyo nyumba ipime kwa dakika za miguu. Kipimo changu ni dakika 15 kutoka mlangoni hadi majini, ukiwa na mzigo wako. Zikizidi 20, uchovu wa kazi utakushinda siku nyingi kuliko utakavyoushinda wewe. Kama nyumba za karibu na maji zinakushinda bei, na mara nyingi ndivyo ilivyo, tafuta nyumba kwenye njia ya treni au basi inayopita majini kati ya kazini na kwako, ili ushuke kituo kimoja kabla, uvue, kisha umalizie safari. Maji yaliyo njiani huvuliwa. Yaliyo upande wa pili wa jiji husimuliwa tu.

Hapa dalali atakuchezea. Atakwambia nyumba inatazama mto, na kweli itautazama, lakini ukingo wote ukawa mali ya wenye maghorofa na kila nguzo ina bango la kukataza uvuvi. Kabla hujasaini mkataba, nenda kwa miguu hadi majini saa ileile unayotarajia kuvua. Ikiwa ni usiku, nenda usiku. Angalia kama bustani iliyo katikati hufungwa geti jioni, kama kuna taa, kama watu wengine hupita, na kama ukuta una ngazi ya kupandia iwapo mtu ataanguka majini. Na ukikuta mtu mwingine anavua hapo, umeshapata nusu ya jibu. Ndani ya nyumba usitake makubwa: pembe kavu yenye urefu wa fimbo iliyokunjwa, na mahali penye hewa pa kuanikia wavu. Wavu mbichi ukiufungia kabatini, majirani watakufahamu kabla hujawaamkia.

Ukishahamia, siku za mwanzo usibebe fimbo. Fungua ramani ya picha za setilaiti utafute makutano: mfereji unapoingia mtoni, mto unapopinda, bwawa la mashua lenye mlango mmoja, ncha ya gati. Kisha tembea. Kama jiji lako liko kwenye maji yanayojaa na kupwa, subiri bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, uende maji yakiwa yamekupwa kabisa. Katikati ya London tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hufika mita 7 hivi, na mto unapokauka kiasi hicho hukuonyesha siri zake zote: shimo mbele ya ngazi kuukuu, nguzo za gati lililobomoka, mpaka wa kokoto na tope. Piga picha ukiweka alama ya kitu kilicho ukutani, ili maji yakirudi ujue shimo liko usawa wa nini. Saa moja ya namna hiyo inaweza kukuokolea miezi ya kutupa ndoana kwenye tope tupu.

Kwa mvuvi wa saa kuna hesabu moja zaidi kuhusu bahari. Maji huchelewa kama dakika 50 kila siku. Yakiwa mazuri Jumatatu saa 12 jioni, ukitoka kazini, Ijumaa hali ileile itakuja baada ya saa 3 usiku. Baada ya wiki mbili hivi hurudi karibu na pale pale. Basi weka alama kwenye kalenda siku ambazo maji na ratiba yako vinakutana, na hizo uzilinde. Siku nyingine nenda mfereji wa maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, usiojaa wala kupwa kwa kufuata mwezi.

Sasa nikupe mahali pamoja ambapo ningeanzia mimi katika jiji lolote lenye mto: daraja lenye taa, baada ya giza kuingia. Simama uangalie kabla ya kutupa. Taa humwaga mwanga majini, na ukingo wa daraja hukata mwanga huo kwa mstari ulionyooka kama umepigwa rula. Kwenye mwanga kuna wadudu na visamaki. Ndani ya giza, hatua moja kutoka kwenye mstari, kichwa kikielekea mkondo unakotoka, ndipo samaki anayewala wenzake hungojea. Yeye anaona kila kinachopita kwenye mwanga, na vya kwenye mwanga havimwoni. Ukirusha chambo moja kwa moja gizani unamwangushia kichwani, anatimka. Kirushe upande mkondo unakotoka, kiangukie kwenye mwanga, kisha ukiache kiteremke na maji bila haraka mpaka kivuke ule mstari. Uzi usiulegeze sana, maana pigo huja sentimita chache tu baada ya mstari. Mto ukiwa wa kujaa na kupwa, mkondo ukigeuka naye huhamia upande wa pili wa daraja, nawe uhame. Wengi hubaki upande waliozoea, wakalaumu samaki.

Vifaa sasa. Fimbo moja ya vipande vinne, urefu wa mita 2.1 hadi 2.4, inayoweza kurusha chambo cha gramu 5 hadi 20, iingie kwenye begi lako la kazini. Ukiiacha nyumbani umeshapoteza saa yako. Uzi wa kusuka mwembamba, na mbele yake mita moja ya uzi mgumu usioonekana majini, kwa sababu kome na kingo za zege hukata uzi wa kusuka mara moja. Ambako kuna paiki au samaki mwingine wa meno makali, ongeza kipande cha waya. Chambo bandia kijisanduku kimoja cha kutosha kiganjani. Minyoo nayo ni mizuri, lakini fikiria kikao cha saa nne asubuhi na kopo la minyoo mkobani. Isitoshe, kuna mahali chambo hai hakiruhusiwi kabisa. Kwenye mabwawa ya maji ya Singapore, kwa mfano, unavua sehemu zilizotengwa tu, na kwa chambo bandia tu. Samaki wa mjini wameona ndoana nyingi, kwa hiyo ukubwa uliozoea mtoni kwenu punguza kwa hatua moja, uzi na chambo pia.

Kifaa ambacho wageni wote hukikosa ni wavu wa kuteremsha. Mtoni kwenu unashuka ukingoni na kumshika samaki kwa mkono. Mjini umesimama juu ya ukuta wa mita 3 au 4, samaki yuko chini, na ukimnyanyua kwa uzi, ama uzi unakatika ama mdomo unachanika. Wavu huu ni wa duara, una kamba ndefu, na katikati hufungwa chubwi, yaani kizito, ili uzame. Uteremshe mapema, samaki akiwa bado ana nguvu, uwe umeshatulia majini. Ukimwangushia karibu akiwa amechoka atapata nguvu ambazo hukujua anazo. Mlete juu ya duara, lala na fimbo nyuma kidogo, kisha kwa mkono wa pili vuta kamba kwenda juu wima bila kuipumzisha. Fanya mazoezi na chupa ya maji kabla hujakutana na samaki wa kweli, maana kamba mkono mmoja na fimbo mkono mwingine si jambo la kujifunzia gizani.

Hatari mbili hukuzizoea. Moja iko nyuma yako: watembea kwa miguu, baiskeli, mtoto anayekimbia. Usirushe kwa kupitisha fimbo juu ya kichwa. Rusha kwa chini, kwa kuning'iniza chambo kama pendulamu, na ule ujino wa nyuma wa ndoana uubane kwa koleo ili ikimchoma mtu itoke. Ya pili iko juu: fimbo za kaboni hupitisha umeme. Kaa mbali na nyaya za treni na za tramu, angalau mita 30 kutoka nyaya kubwa za umeme, na fimbo ikunje kabla ya kuingia kituoni.

Kuhusu sheria, wengi hukwama kwa kudhani karatasi moja inatosha. Mara nyingi ni mbili: leseni ya serikali, na ruhusa ya mwenye maji, awe klabu, manispaa au mtu binafsi. Uingereza, kwa upande wa England, kuanzia umri wa miaka 13 unahitaji leseni kwa maji baridi, na bado mwenye ukingo anaweza kukufukuza. Mitoni kuna pia msimu wa kufungwa, kuanzia Machi 15 hadi Juni 15. Ujerumani kwa kawaida hupewi leseni mpaka ufanye mtihani na kufaulu. Japani haina leseni moja ya nchi nzima, lakini mito mingi iko chini ya vyama vya ushirika vya wavuvi ambavyo huuza tiketi. New York hutoza leseni ya maji baridi, wakati ya baharini ni kujiandikisha tu bila malipo, na ukivua kwenye maziwa ya Central Park kila samaki lazima arudishwe. Chubwi za madini ya risasi nazo angalia: Uingereza ilipiga marufuku uuzaji wa zile ndogondogo za uvuvi mwaka 1987 kwa sababu bata maji waliokuwa wakizimeza walikuwa wakifa. Haya yote yasome sasa, kabla hujafunga mizigo. Na ukisikia kuna klabu yenye maji mazuri karibu na unakohamia, omba uanachama leo hii, kwa sababu nyingi zina orodha ya kusubiri.

Swali lako la kula ndilo ningependa usilijibu kwa macho. Maji yanaweza kuwa meupe kama ya kunywa na samaki wake asifae, kwa kuwa sumu zenyewe huwa zimelala kwenye tope tangu enzi za viwanda. Bandari ya Sydney ni mfano mzuri. Mwaka 2006 uvuvi wa biashara ulisimamishwa humo kwa sababu ya sumu za daiyoksini, na wavuvi wa kujifurahisha wakashauriwa wasile chochote kinachovuliwa magharibi ya daraja kubwa la bandari. Mashariki yake, kwa jumla, wasizidi gramu 150 kwa mwezi. Bandari moja, daraja moja, na samaki anapita chini yake bila kujua mpaka. Mto Hudson nao ulimwagiwa kemikali za PCB na viwanda viwili kwa takriban miaka 30, hadi 1977, na maonyo ya ulaji yapo hadi leo.

PCB na daiyoksini hukaa kwenye mafuta. Ndiyo maana mkunga na samaki wengine wanono wa chini ni wabaya zaidi, na kuondoa ngozi na mafuta ya tumbo husaidia kiasi. Zebaki ni habari nyingine. Hiyo iko kwenye nyama yenyewe, kwa hiyo hakuna namna ya kumkata wala kumpika ikatoka, na huwa nyingi kwa samaki wakubwa, wazee, wanaokula wenzao. Basi tafuta ushauri rasmi wa ulaji wa maji yale hasa unayovua, si wa jiji zima, na uangalie kipengele cha wajawazito na watoto, ambacho huwa kikali zaidi. Usipoupata, mrudishe. Mimi samaki wa mjini nawarudisha karibu wote, na hamu ya kuvua haijapungua.

Majitaka pia yana siku zake. Katika majiji mengi ya zamani bomba la mvua na la vyoo ni moja, na mvua kubwa ikinyesha hufurika mtoni. London imejengewa handaki la kilomita 25 kwa ajili ya tatizo hilo tu. Baada ya mvua kubwa kaa siku mbili tatu bila kwenda. Na siku zote, ukiwa na kidonda mkononi kifunge, usile kitu bila kunawa, kwa sababu mkojo wa panya hubeba leptospirosi, ambayo wengine huiita homa ya mgunda, nayo huingia kwenye mkwaruzo mdogo tu.

Watu utawapata wenyewe. Salimia, usimuulize mtu anatumia nini kabla hujamuuliza hali, na usisimame pale alipopazoea. Kama hawakuambii kitu, nenda duka la vifaa uangalie ukutani saizi gani ya ndoana imebaki pakiti moja. Hiyo ndiyo inayonunuliwa, na inakwambia ukubwa wa mdomo unaotakiwa kuuwinda.

Kimashua uza. Jijini kuegesha mashua ni kodi ya pili, na mvuvi wa saa moja hamalizi hata kuitoa kwenye turubai. Fimbo ndefu mbili unazozipenda mwachie ndugu aliye karibu na ule mto, azitumie ili zisioze, uzikute ukienda likizo. Zilizobaki uza, na pesa yake nunua ile fimbo ya vipande vinne pamoja na wavu wa kuteremsha wenye kamba ya mita 8.